Upepo wa Elfu Ishirini

Nianze kwa kukiri. Kwa miezi tisa niliendesha gari lenye kofia nne za kijani kwenye valvu za matairi, na kila nilipoziona nilijihisi dereva aliyeelimika kuliko wenzangu. Nilizipata katika karakana moja ya matairi mjini Mwanza. Muuzaji, kijana msafi mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, alinieleza kwamba upepo wa kawaida umepitwa na wakati, kwamba ndege zote hutumia naitrojeni, na kwamba mtu wa hadhi yangu hapaswi kuhangaika na kompresa za kando ya barabara. Bei ilikuwa shilingi 5,000 kwa kila tairi. Alimalizia kwa maneno ambayo hadi leo yananirudia: "Huu haupungui, mwalimu. Ukishajaza, umesahau."

Nami nikajaza, nikasahau.

Nina shahada ya uzamivu. Shule ya sekondari nilifundishwa, kama nyote mlivyofundishwa, kwamba hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 hivi na oksijeni asilimia 21. Maana yake, kabla sijatoa noti yangu ya kwanza, matairi yangu yalikuwa tayari na naitrojeni zaidi ya robo tatu. Nilikuwa nanunua kijisehemu kilichobaki. Swali hilo dogo la hesabu halikunijia pale karakana. Lilinijia Juni, nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara ya Musoma, mikono ikinitetemeka.

Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda Magu kumchukua shangazi yangu. Alitaka kuiona Bulabo, ngoma kubwa ya Bujora inayochezwa majira ya sikukuu ya Ekaristi, ambayo katika ujana wake hakuikosa. Shangazi ni mtu wa Bagalu, na ukimwuliza habari za Bagika atakujibu kwa kicheko kirefu cha mtu aliyewahi kushinda. Naye hakuwa peke yake. Walikuwapo binti zake wawili, mjukuu mmoja, gunia la mchele la kupeleka kwangu Mwanza, na sufuria ambazo sikuelezwa zinakwenda wapi. Sikupinga. Nani humwambia shangazi yake kwamba mizigo imezidi?

Tulikuwa hatujafika Kisesa, jua likiwa la saa sita, tairi la nyuma kushoto lilipopasuka. Aliyewahi kuusikia mlio ule hauhitaji kuelezwa. Gari lilivutwa kwenda kushoto, nikalishika usukani kwa nguvu nisizojua nilizitoa wapi, na mbele yangu, pembezoni mwa lami, nikamwona mwanamume juu ya baiskeli, amembeba msichana mdogo nyuma, gauni jeupe, wakienda bila shaka kule kule tulikokuwa tukienda sisi. Gari lilisimama. Kati ya bampa na gurudumu la baiskeli palikuwa na hatua mbili, labda tatu. Yule bwana alishuka, akamshusha mtoto, akalitazama gari, akanitazama mimi. Hakunitukana. Alisema tu, "Poleni wazee, tairi hilo," kisha akapanda baiskeli yake akaondoka.

Tairi hilo. Nimelifikiria neno lake mara nyingi kuliko ninavyofikiria vitabu vingi nilivyosoma mwaka huu. Laiti ningemgonga yule mtoto, taarifa ingesomeka kama zisomekavyo nyingine zote: chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi. Sarufi ya sentensi hiyo inatuhifadhi vizuri. Tairi limepasuka, lenyewe, kwa hiari yake. Hakuna aliyelipasua, hakuna aliyeliacha, hakuna aliyepaswa kulipima jana yake. Baada ya hapo hufuata maziko, na sauti ya kiongozi wa dini ikituambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Tulifunga tairi la akiba, nalo lilikuwa limelegea kiasi cha kutia aibu, tukajikokota hadi Kisesa. Pale pana kijana wa pancha mwenye kompresa iliyochakaa chini ya mwembe na geji ya chuma ya kijiti, ile ndefu kama kalamu. Alimwamkia shangazi, akauliza safari ilikuwaje, ndipo akaziona kofia za kijani. Hakucheka, ila alikaribia kucheka. Alizifungua moja moja akapima matairi matatu yaliyosalia. Mbele kulia: 23. Mbele kushoto: 21. Nyuma kulia: 19.

"Na haya yana moto, mzee," akasema. "Asubuhi yangesoma chini ya hapo. Gari lako linataka ngapi?"

Nikanyamaza. Mtu niliyekaa darasani miaka zaidi ya ishirini, nikiwa mwanafunzi na baadaye mwalimu, sikujua gari langu linataka ngapi. Kijana alifungua mlango wa dereva, akainama, akanionyesha kibandiko kilichokuwapo tangu gari lishuke bandarini Dar es Salaam. Kimeandikwa Kijapani. Katikati ya maandishi hayo ipo namba 220. Ni kilopaskali, ambazo ukizigeuza kwa kipimo cha geji ya fundi ni kama 32. Yeye hasomi Kijapani, wala mimi. Yeye alijua kwamba namba ile ndiyo yenyewe kwa sababu ameshafungua milango mingi ya magari ya Japani na kuuliza.

Hapa lazima niwe mwadilifu, maana wapo watakaosoma makala hii na kuhitimisha kwamba naitrojeni ni utapeli. Si kweli. Machi 31, 1986, ndege ya shirika la Mexicana, aina ya Boeing 727, ilianguka milimani dakika chache baada ya kuruka kutoka Jiji la Mexico, ikaua watu wote 167 waliokuwamo. Breki ilikuwa imepata joto kupita kiasi, na tairi lililokuwa karibu nayo lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Katika joto la namna ile oksijeni huanza kuishambulia raba ya ndani ya tairi na kuzalisha gesi zinazoweza kulipuka. Tairi lililipuka, likakata mabomba ya mafuta. Mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza kwamba magurudumu yenye breki ya ndege kubwa yajazwe naitrojeni kavu. Kijana wa ovaroli hakusema uongo kuhusu ndege. Alichoacha kusema ni kwamba gari la familia linalokwenda Magu halina breki za kusimamisha tani nyingi za chuma zinazotua kwa kasi ya ndege, wala halipandi hadi kwenye baridi ya kuganda na kushuka tena ndani ya saa moja.

Hata kwa gari dogo gesi hii ina faida yake. Mtambo wa kuichuja huitoa ikiwa kavu, na ukavu ni jambo jema, hasa kwetu tunaoishi kando ya ziwa. Kompresa ya kando ya barabara isiyomwagwa maji hupuliza unyevu ndani ya tairi, unyevu huo hula rimu za chuma kwa kutu, na joto linapopanda hugeuka mvuke na kuongeza mgandamizo. Tena ni kweli kwamba naitrojeni hupenya kwenye raba polepole kuliko oksijeni. Kwa kiasi gani? Jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilichapisha jaribio lake mwaka 2007. Lilichukua matairi ya aina 31, likayajaza yote hadi 30, mengine hewa, mengine naitrojeni, likayaacha mwaka mzima. Yenye hewa yalipungua kwa wastani wa 3.5, yenye naitrojeni kwa 2.2. Tofauti ni 1.3 kwa mwaka. Yote yalipungua.

Maneno hayo mawili ya mwisho yangeokoa siku yangu. Yangu yalipungua zaidi ya kumi kwa miezi tisa, na upungufu wa namna hiyo hauwezi kuwa umepita kwenye raba. Ulipita kwenye valvu chakavu na kwenye kingo za rimu zenye kutu, na tundu la valvu haliulizi gesi imetoka karakana gani. Ningekuwa na upepo wa bure wa pale Kisesa, ningekuwa na mazoea ya kusimama kila baada ya wiki mbili kuuongeza, kwa kuwa kila mtu anajua upepo wa kawaida hupungua. Nilinunua ahadi ya kutokupungua, na ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa katika mazoea yangu.

Tairi lenye upepo pungufu haliuliwi na barabara. Linajiua lenyewe kwa joto. Kila linapozunguka, mbavu zake hukunjwa na kukunjuliwa, mara mamia kwa dakika, kama mtu anayekunja waya ili aukate. Ukiongeza mzigo, hukunjwa zaidi. Ukiongeza mwendo, hukunjwa mara nyingi zaidi. Ukiongeza jua la saa sita la Usukuma, joto halina pa kwenda. Nyuzi za ndani huachana na raba, na siku moja kila kitu huachia pamoja. Jicho halikuonyi mapema, kwa sababu matairi ya siku hizi huvimba kidogo ubavuni hata yakiwa sawa. Teke halikuonyi pia, ingawa nimewaona watu wazima, wengine wakiwa na sare, wakilipiga tairi la basi teke na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Kijana wa pancha alipokuwa akiunganisha mpira wa kompresa, nilimweleza shangazi habari ya kofia za kijani. Nilieleza kirefu, kama tunavyoeleza sisi walimu tunapojitetea. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia lake la mchele. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, baba, ulinunua dawa, ukaacha kuangalia njia?"

Kwa wasiojua, ngoma ya Bulabo ni mashindano. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji upande wake. Wasukuma huyataja makundi haya kwa majina ya waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na tangu enzi hizo dawa za mvuto na za kinga zimekuwa sehemu ya ngoma. Padri David Clement, Mkanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, aliikaribisha ngoma hiyo kwenye sikukuu ya kanisa, na hadi leo wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe yao hewani mita chache tu kutoka kanisa la mviringo lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Sisi wasomi hupenda kuitazama sehemu ya dawa kwa tabasamu la upole, kama jambo la wazee. Lakini shangazi, ambaye aliicheza, anasema hakuna mchezaji wa maana aliyeingia uwanjani na dawa peke yake. Walifanya mazoezi miezi. Waliokosa mazoezi waliachwa na watazamaji, dawa wakiwa nayo. Yeye anaujua mpaka kati ya kinga na kazi. Mimi, mwenye tabasamu la upole, ndiye niliyelipa elfu ishirini nikavishwa hirizi nne za plastiki.

Nimeandika mara nyingi hapa kuhusu mapenzi yetu kwa majina ya sayansi. Tunanunua mashine kabla ya kuajiri wa kuihudumia. Tunazindua mfumo, tunakata utepe, tunapiga picha, na mwaka ukiisha hakuna anayeuliza mfumo umesoma namba gani. Naitrojeni ni mfano mdogo tu, lakini una faida moja: mtu yeyote anaweza kuukagua kwa kifaa kinachotoshea mfukoni. Geji niliyoinunua baadaye iligharimu chini ya nusu ya nilicholipa kwa upepo. Pale karakana hakuna aliyenishauri niinunue. Niliporudi ofisini nililifungua daftari la safari la gari letu la umma. Lina safu ya tarehe, ya kilometa, ya mafuta, ya safari inakokwenda, ya saini ya dereva na ya aliyeidhinisha. Hakuna safu ya upepo wa matairi. Na gari lenyewe, nilitoka nje kuhakikisha, lina kofia za kijani.

Marekani walikwisha kulipitia jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yao yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya raba ya juu kuchanika kutoka kwenye tairi gari likiwa mwendoni na magari kupinduka. Waliokufa walizidi 200. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama hadharani, na sehemu ya ugomvi wao ilikuwa namba: Ford ilikuwa imependekeza 26, Firestone ikasema ilipaswa kuwa 30. Bunge la huko lilitunga sheria mwaka huo huo, na matokeo yake ni kwamba tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo sharti liwe na kifaa kinachomwonya dereva upepo unapopungua. Nawaomba mlitazame jambo hilo vizuri. Maiti zilipohesabiwa, serikali haikuagiza gesi ya namna fulani. Iliagiza kipimo.

Magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, yakiwa yametumika, hayana kifaa hicho. Basi kipimo chetu kinabaki kuwa mtu mwenye geji. Dereva wa hiace anayepaswa kufikisha hesabu ya tajiri kila jioni hana geji, wala tairi si mali yake. Tairi jipya ni la tajiri kulinunua, kifo ni cha dereva na abiria. Tuna Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, tuna wiki ya Nenda kwa Usalama na vibandiko vyake kwenye vioo, na sina ugomvi na vibandiko. Ila kibandiko hubandikwa mara moja kwa mwaka, na upepo hupungua kila usiku. Ningefurahi kuona katika kila kituo cha mabasi, Nyegezi kwa kuanzia, geji moja inayoaminika na mtu mmoja anayelipwa kupima matairi alfajiri, kabla hayajapata joto, na kuandika namba mahali ambapo abiria anaweza kuiona. Alfajiri, si njiani. Madereva wengi husimama baada ya kilometa mia, wakakuta namba imepanda kwa sababu ya joto, wakapunguza upepo. Wanadhani wamejiokoa.

Ngoma tuliiwahi, ingawa tulifika Bagika wakiwa wamekwisha kuwavuta watu wengi. Shangazi hakufurahi. Jioni tuliteremka kwenda Mwanza, na kama kawaida yake, tulipofika Igoma alinyamaza. Pale wamezikwa wengi wa waliokufa katika MV Bukoba, Mei 21, 1996. Nilikuwa kidato cha pili. Meli iliyosajiliwa kubeba abiria 430 ilikuwa na wengi zaidi ya hao, nayo ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani yake, na watu walionaswa pamoja na hewa hiyo walisikika wakigonga chuma. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka. Meli ikazama na waliokuwa wakigonga.

Sikumwambia shangazi nilichokuwa nikikifikiria, kwa sababu miongoni mwa waliolala Igoma yumo mtu wake. Nilitazama tu dashibodi, ambayo haionyeshi chochote kuhusu matairi, nikapunguza mwendo.

Siku hizi napima kila Jumapili kabla ya misa, gari likiwa limelala usiku kucha. Lile la mbele kulia lilikuwa likipungua mbili kila wiki, nami nikadhani ni geji yangu. Nilirudi Kisesa. Kijana wa pancha alitema mate kwenye ncha ya kidole, akaipaka kwenye valvu, na pale pale, mahali palipokuwa pamefunikwa na kofia ya kijani, tukaona kijipovu kikivimba taratibu, kikipasuka, kisha kingine. Valvu mpya ilikuwa shilingi 2,000. Alipomaliza aliniuliza kama nataka arudishe kofia ile ile, au aweke nyeusi.